Ngozi, Mwanzi, Chuma: Mhadhara kuhusu Pani za Trinidad



Pani, ile ngoma ya chuma ya Trinidad, imezoeleka kusimuliwa kama muujiza wa mafukara: vijana wa Port of Spain waliokota mapipa ya mafuta, wakayagonga, muziki ukatoka. Simulizi hiyo inapendeza, ila inaanzia mwisho. Kabla ya pipa palikuwa na utaratibu wa kugawana sauti, na hoja yangu jioni hii ni kwamba utaratibu huo ndio mzizi wa pani. Chombo kimebadilika kutoka ngozi hadi mwanzi hadi chuma, utaratibu wenyewe umebaki.

Tuanze na ngozi. Kuanzia 1783 walowezi wa Kifaransa waliingia Trinidad na watumwa wao wa Kiafrika, wakaja pia na karnivali. Utumwa ulipokwisha kabisa mwaka 1838, waliokuwa watumwa waliitwaa sherehe hiyo, wakaijaza mienge, fimbo na ngoma katika maandamano yaliyoitwa Canboulay. Serikali ya Kiingereza iliyotawala kisiwa wakati huo haikuyapenda. Mwaka 1881 polisi wa Kapteni Baker walipambana na waandamanaji mitaani, na mwaka 1884 sheria ikabana upigaji wa ngoma hadharani.

Watu wakakata mianzi ishike nafasi ya ngoma. Pande kubwa lililoitwa boom liligongwa ardhini na kutoa besi. Vipande viwili vifupi, foulé, viligonganishwa ncha kwa ncha. Mwanzi mwembamba, cutter, ulibebwa begani na kupigwa kwa kijiti, ukichezacheza juu ya wenzake. Sheria ilikuwa imeiondoa ngozi, lakini sauti nzito ya kushikilia, ya kati ya kujibu na ya juu ya kupamba zilikuwa palepale.

Mwanzi hupasuka, na sauti yake haifiki mbali. Katika miaka ya 1930 vijana walianza kuchanganya makopo ya biskuti, mapipa ya taka na vyuma vya breki za magari. Karnivali ilisimamishwa 1942 hadi 1945 kwa sababu ya vita, lakini majaribio yaliendelea uani. Bati lililogongwa likabonyea lilitoa sauti tofauti na lile lililo bapa, na hapo ndipo chombo cha mdundo kilipoanza kuimba. Winston “Spree” Simon, Neville Jules na Ellie Mannette hutajwa kila inapoulizwa nani alitangulia. Mashabiki wa kila mtaa wana jibu lao. Mwaka 1951 bendi ya TASPO, chini ya Luteni Joseph Griffith, ilikwenda London kwenye Tamasha la Uingereza, na wapigaji waliokuwa wakiitwa wahuni wakapigiwa makofi.

Sasa tulitazame pipa la mafuta lenyewe, lililochukua nafasi ya makopo hayo. Fundi hulipindua, akagonga kitako kwa nyundo nzito mpaka kibonyee kama bakuli. Huchora mipaka ya noti, hukata ubavu, huchoma chuma kwa moto, kisha hurudi na nyundo ndogo kuirekebisha sauti ya noti moja moja. Ubavu mfupi ni wa tenori, inayobeba wimbo. Besi hubaki na pipa zima. Noti iliyoiva hulia pamoja na oktava yake, zote mbili kutoka kipande kilekile cha chuma.

Wanakwaya mliomo ukumbini mtanielewa upesi. Katika mpangilio uliotokana na kazi ya fundi Anthony Williams, ukiuzunguka ukingo wa tenori unakutana na fa, do, so, re, la, mi, ti, kwa mfuatano huo. Noti saba za skeli zimekaa jirani, zimeshika zaidi kidogo ya nusu duara. Kutoka do kwenda re unairuka so; kutoka re kwenda mi unairuka la; kutoka mi kwenda fa inabidi mkono wa pili uwe tayari upande wa pili. Mpangilio huu una sababu: chuma ni kimoja, ukigonga noti moja, jirani yake hutetemeka pia, na majirani hawa wanapatana.

Kijiti kilichovikwa mpira nchani hushikwa kwa kidole gumba na cha shahada, bila kukazwa. Kazi hufanywa na kifundo cha mkono. Kijiti hugusa na kuondoka, kwani kikikawia kinainyonga sauti. Noti ya pani hufifia haraka, kwa hiyo noti ndefu hupigwa kwa vijiti viwili vikipokezana upesi, mpaka mapigo yasisikike tena kama mapigo. Mpiga besi, mwenye mapipa sita ya noti tatu tatu, hugeuka kwa mwili mzima.

Nyuma yao wote ni chuma cha breki, kinachoshika mwendo, na juu ya besi sauti za kati hujibizana. Boom, foulé na cutter wamerudi wamevaa chuma. Katika Panorama, shindano lililoanza 1963, bendi kubwa huwa na wapigaji zaidi ya 100, na wengi hujifunza kwa sikio uani mwa bendi, kifungu baada ya kifungu. Jit Samaroo, mwenye asili ya Kihindi, aliipangia bendi ya Renegades muziki uliotwaa ubingwa huo mara 9. Utaratibu uliotoka Afrika humpokea yeyote anayekubali kushika zamu yake.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 11 Agosti kuwa Siku ya Pani Duniani. Ni heshima kubwa, lakini pani moja iliyotundikwa katika makumbusho ni chuma tu. Chuo kitakachofundisha pani kinunue bendi nzima, na mwanafunzi apite kwenye breki na besi kabla ya kupewa tenori.