Gharama ya Uwanja wa Gofu



Mhandisi akiulizwa gharama ya kujenga uwanja wa gofu wa mashimo 18, atataja kufyeka miti, kusawazisha udongo, kutandaza mabomba ya kunyunyizia maji, mchanga, mbegu za nyasi na jengo la klabu. Mwanasheria huanza na swali jingine: ardhi yenyewe ni ya nani, na mwenyewe amelipwa nini? Uwanja wa namna hiyo humeza hekta 50 hivi. Ardhi hiyo inapomegwa kutoka msitu wa umma, thamani yake haimo kabisa katika hesabu za mjenzi.

Ndivyo ilivyokuwa Karura, msitu wa zaidi ya hekta 1,000 jijini Nairobi. Katika miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa makampuni ya watu binafsi kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999, Wangari Maathai, wabunge wa upinzani na wanaharakati wengine walikwenda kupanda mti mahali palipokusudiwa kufyekwa kwa ajili ya uwanja wa gofu. Kundi la wanaume waliokuwa wakilinda lango likawashambulia. Maathai alijeruhiwa kichwani. Na alipoandikisha taarifa kituoni, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Hiyo nayo ni gharama.

Enyi waumini, mwamkumbuka Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu, pamoja na uovu wake wote, alianza kwa kuahidi fedha, au shamba lililo bora zaidi. Sisi wenye Karura hatukuahidiwa hata senti moja. Hatukuulizwa.

Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na Karura ungalipo hadi leo. Uliokolewa na watu waliokataa kunyamaza, wakiwamo wanafunzi na viongozi wa dini.

Sasa tunayo Katiba ya 2010. Kifungu cha 62 kinahesabu misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi mkiona uzio umezuka usiku, msingoje tingatinga lifike. Nendeni afisi ya ardhi mkaulize ni nani aliyegawa, aligawa kwa sheria gani, na kwa bei gani. Tusipouliza, tutakaolipa ni sisi na watoto wetu, na langoni tutazuiwa kuingia.