Chembe, Ubao na Jina Lisiloandikwa

Dominika ya 5 ya Kwaresima, Mwaka B (Yn 12:20-33)



Injili ya Dominika hii yatuweka mbele ya chembe ya ngano, ambayo haizai ila kwa kufa. Ni fundisho gumu. Mwaka mmoja tulilihubiri Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mbele ya waamini wachache. Baada ya Misa mama mmoja, mkulima wa mwani, alitujia akasema: "Padri, tangu ujana wangu nainama majini, bamvua kwa bamvua. Mwani wangu hupakiwa melini kwenda nchi za mbali. Je, huko yuko anijuaye?" Hatukuwa na jibu.

Siku nyingi baadaye tuliona kitabuni picha ya Kijapani iliyoturudishia swali lile. Ni Wimbi Kuu la Kanagawa, kazi ya Hokusai, iliyochapwa yapata mwaka 1831. Nakala zake zimehifadhiwa hata katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Wimbi limesimama juu ya mashua 3. Wapiga makasia wameinama, kama mama yule. Mlima Fuji waonekana mdogo kwa mbali.

Picha hiyo ilizaliwaje? Mchoraji alichora juu ya karatasi nyembamba, nayo ikabandikwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri. Mchongaji akaikata karatasi pamoja na ubao, akiacha mistari tu imesimama. Hapo mchoro wa kwanza ukaangamia. Kisha mchapaji akaupaka ubao wino, akalaza karatasi safi juu yake, akaisugua. Na kwa rangi nyingine zikachongwa mbao nyingine. Mchoro mmoja ulikufa, zikapatikana nakala maelfu. Na juu ya picha limeandikwa jina la mchoraji. La mchongaji na la mchapaji hayapo.

Ndugu wapenzi, je, si ndivyo afanyavyo mama wa Jambiani? Hukata kipande cha mwani, hukifunga kambani, hukiachia bahari. Naye huvuna zaidi ya alichopanda. Jina lake halisafiri na mzigo. Lakini Kristo naye alilazwa juu ya mti, akachomwa kwa chuma, na tangu siku ile sura yake yachapwa katika kila mbatizwa. Yeye awajua waliofichika, kwa maana alikuwa mmoja wao.

Hata hivyo tujihadhari. Chembe hujitoa yenyewe. Bwana aliutoa uhai wake kwa hiari, hakunyang'anywa. Basi anayempunja mvunaji ujira wake asijifunike kwa Injili hii, wala asimwambie maskini avumilie kwa kuwa chembe haina budi kufa. Huko si kuhubiri msalaba, ni kumtwika mwingine.

Nanyi makatekista, mfundishao miaka mingi chini ya mwembe, na majina yenu hayaandikwi popote, msikate tamaa. Watoto mliowafundisha Baba Yetu ndio nakala zenu.

Juma hili kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja ambaye jasho lake twalila bila kumjua. Tumwulize jina lake, tumlipe haki yake, tumwombee kwa jina hilo. Mama wa Jambiani alistahili jibu hilo siku ile ile.

Kristo aliyeinuliwa msalabani atuvute sote kwake. Amina.