Desemba na Msongo wa Mawazo: Dakika 30 za Kuupa Mwili Nafuu

Hotuba kwa wakazi wa Kaunti ya Kilifi, msimu wa sikukuu



Desemba husemwa kuwa mwezi wa raha, na raha kweli ipo. Watoto wako nyumbani, jamaa walioko Mombasa na Nairobi wanarudi, na wengine huonana mara moja hii tu kwa mwaka. Lakini nyuma ya raha hiyo kuna hesabu. Nauli hupanda. Wageni wanatakiwa kula. Chama kikigawa pesa, huwa zina kazi yake kabla hazijafika mfukoni. Mkopo uliochukuliwa kwa simu hauendi likizo. Na Januari imesimama mlangoni na karo, sare na vitabu.

Kilifi ina jambo lake pia. Wakati wengine wanapumzika, hapa ndipo kazi inapopamba moto. Wahudumu wa hoteli za Watamu, Malindi na Mtwapa, wapishi, walinzi, madereva wa tuktuk na bodaboda, wote huwa katika zamu ndefu. Sikukuu ya mgeni ndiyo siku ya kazi ya mwenyeji. Na kwa familia iliyofiwa mwaka huu, pengo huonekana zaidi siku ambayo ndugu wote wameketi kula pamoja.

Mzigo huu haukai kichwani peke yake. Mtu akipata hofu, mwili hutoa kemikali kama adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, sukari huongezeka kwenye damu, na misuli hukaza. Mwili unajiandaa kukimbia hatari au kupambana nayo. Utaratibu huu humfaa anayefukuzwa na nyati. Lakini ujumbe wa deni kwenye simu haukimbiwi. Mtu hubaki ameketi, na maandalizi yale yote hayana pa kwenda. Ikiwa hivyo kila siku, kichwa huuma, shingo hukaza, usingizi hukatika, na mtu mpole huanza kuwafokea watoto bila sababu.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Mtu akitembea kwa haraka, misuli huitumia ile sukari, pumzi huingia kwa kina, na baadaye mapigo ya moyo hushuka na misuli hulegea. Ubongo nao hutoa kemikali zinazoleta utulivu. Usiku usingizi huja kwa urahisi zaidi. Mazoezi hayalipi karo wala hayafuti deni. Kazi yake ni kumpa mtu kichwa kilichotulia, ili akae na mwenzake kupanga Januari bila kugombana.

Mazoezi kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 za mazoezi makali. Dakika 30 kwa siku 5 zinatimiza kiasi hicho. Kipimo cha wastani ni rahisi: mtu aweze kuzungumza anapotembea, lakini asiweze kuimba. Si lazima dakika hizo zipatikane kwa mkupuo mmoja. Kumi za asubuhi, kumi za mchana na kumi za jioni zinahesabika. Haba na haba hujaza kibaba.

Wala hakuna haja ya viatu vya bei au ukumbi wa kulipia. Anayekaa karibu na bahari anaweza kutembea ufuoni maji yakipwa, mchanga unapokuwa mgumu. Anayefanya kazi mjini anaweza kushuka steji moja kabla ya kituo chake, iwapo bado kuna mwangaza na njia ni salama. Vijana wana mpira. Mama asiyependa kufanya mazoezi hadharani anaweza kufunga mlango, kuweka muziki na kucheza chakacha na mabinti zake mpaka jasho litoke. Watoto wana kamba ya kuruka, na mzazi akishika zamu yake watacheka wote. Mzee aketi kwenye kiti imara, asimame na kuketi mara kumi, apumzike, kisha arudie. Mhudumu anayetoka zamu usiku asitembee gizani. Akifika nyumbani anyooshe shingo, mabega na miguu kwa dakika tano kabla ya kulala.

Mkulima wa Ganze au Magarini, mchimba mawe, au mama anayebeba mtungi wa lita 20 kichwani atauliza: aliyetumika juani kutwa ana haja gani ya mazoezi? Swali lake ni la haki. Mwili wake umeshapata kazi ya kutosha, na hakuna anayemtaka aongeze mzigo. Anachokosa mara nyingi ni mwendo wa hiari, usio na msimamizi wala mzigo. Kwake yeye, matembezi ya pole jioni pamoja na rafiki au mwenzi wake, au kujinyoosha mgongo kabla ya kulala, yatamfaa kuliko kukimbia. Tena mazungumzo ya njiani ni nusu ya dawa. Kuna maneno ambayo wanaume wengi hawawezi kuyasema wakitazamana uso kwa uso, lakini huyasema wakitembea bega kwa bega.

Wapo wanaotafuta nafuu kwenye mnazi au chupa. Pombe humlaza mtu haraka, lakini huukatakata usingizi wake usiku unapoendelea. Asubuhi huamka amechoka, mfuko ni mwepesi zaidi, na deni liko palepale. Kwa hiyo jioni ile ngumu, kutembea kwanza ni bora kuliko kunywa kwanza.

Tahadhari ni muhimu. Huu ni msimu wa kaskazi na jua ni kali, basi mazoezi yafanywe asubuhi mapema au jioni, na maji ya kunywa yawepo. Anayetembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu atazame magari yanayokuja, na avae nguo za rangi ya kung'aa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo, na mama mjamzito, waulize kwanza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhamasishaji wa afya ya jamii naye anaweza kumpima mtu shinikizo la damu nyumbani. Anayepata maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida asimame mara moja na atafute matibabu.

Kuna pia hali ambazo mazoezi peke yake hayatoshi. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi hana hamu ya lolote, halali, hali, au anasema ni heri asingekuwepo, asiambiwe akimbie raundi mbili za uwanja. Anahitaji kusikilizwa na kupelekwa kwa mhudumu wa afya, na asiachwe peke yake ikiwa anazungumzia kujiua. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo kwa ushauri nasaha. Mwenye shida ya pombe au dawa za kulevya, au jamaa yake, anaweza kupiga 1192 ya NACADA, nayo pia bila malipo. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mawazo yanayomlemea mtu ni maradhi kama mengine, na kuomba msaada si aibu.

Asiyewahi kufanya mazoezi na aanze na dakika kumi kesho asubuhi, kabla simu haijaanza kulia na wageni hawajaamka. Wiki inayofuata aongeze tano. Akikosa siku moja, aendelee siku ya pili bila kujilaumu. Bora zaidi, amtafute jirani mmoja wa kutembea naye, kwa sababu miadi na mtu huvunjwa kwa shida kuliko miadi na nafsi. Januari itafika na karo yake kama kila mwaka. Atakayeipokea akiwa amelala vizuri na mwili wake umetulia atakuwa na nafasi nzuri zaidi ya kuikabili.

 Sikukuu njema na heri ya mwaka mpya.