Shahada ya Udaktari: Tazama Kibali Kabla ya Bei



Wako walimu na makarani kwetu wanaotaka shahada ya udaktari bila kuacha kazi. Masomo ya intaneti yafaa, lakini bei rahisi isitupumbaze. Kwanza iulizeni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyowekwa kwa sheria ya 2012, kama chuo na somo lenyewe vyatambuliwa. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, Kitui, kilipata hati 2013. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, hufundisha walio mbali. Pili, dai hesabu yote kwa maandishi: ada ya mwaka, usimamizi na mtihani, kazi ikichelewa, ada huongezeka. Shahada isiyotambuliwa haipandishi cheo, na fedha za jasho hazirudi.