Fizikia ya Mpemba na Sharti Lisilotajwa

Mwaka 1963, wanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakasubiri yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa finyu. Erasto Mpemba, wa kidato cha tatu, alipoona mwenzake anawahi nafasi na mchanganyiko ambao hata haukuchemshwa, aliyaingiza yake yangali ya moto. Baada ya muda wa kama saa moja na nusu, yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake bado uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amejichanganya. Rafiki yake aliyeuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kuwa yeye huweka mchanganyiko wa moto makusudi, ugande upesi. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, Mpemba alifundishwa kanuni ya Newton ya upoaji, akauliza tena. Safari hii jibu la mwalimu wa huko lilikuwa mzaha: hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likaudaka mzaha huo, na akikosea hesabu ikawa ni hisabati ya Mpemba.

Mwalimu yule alikuwa na hoja. Maji ya nyuzi 100 hayawezi kufika sifuri bila kwanza kupita nyuzi 35. Yakifika hapo, yale yaliyoanzia 35 yameshatangulia. Hoja imenyooka, lakini imesimama juu ya sharti lisilotajwa: kwamba maji yaliyoshuka hadi nyuzi 35 ni sawa kwa kila hali na yaliyoanzia hapo. Je, ni sawa? Sehemu yake imeshageuka mvuke, kwa hiyo yamepungua. Gesi zilizoyeyuka ndani yake zimetoka. Huenda chombo cha moto kimeyeyusha barafu kiliyoikalia, kikagusana vizuri zaidi na friza. Kubaini sharti la namna hiyo ndicho kiini cha stadi ya uchambuzi, katika fizikia na katika hisabati pia. Mwanafunzi anayekariri kanuni bila masharti yake amebeba nusu ya kanuni.

Dkt. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipotembelea Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lilelile mbele ya wenzake, ambao walilalamika kwamba amewaaibisha. Osborne alitaka kujua kama amejaribu mwenyewe. Alikuwa amejaribu, kwa bika mbili kwenye friji ya maabara ya biolojia.

Osborne aliporudi chuoni alimwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia kuganda, ila akaahidi kurudia jaribio mpaka apate jibu sahihi! Tabia hiyo bado ipo. Mwanafunzi anayepima mchapuko wa mvutano wa dunia kwa pendulamu anajua jibu linalotarajiwa ni 9.8, hivyo anaanza na jibu, kisha anapika data kurudi nyuma.

Osborne alifuata njia nyingine. Aliweka maji ya ujazo uleule, sentimita za ujazo 70, katika bika zinazofanana, akabadilisha halijoto ya kuanzia tu. Kisha akatandaza mafuta juu ya maji: kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa, ishara kwamba joto lilikuwa likipotea zaidi kupitia uso wa juu. Mwaka 1969 yeye na Mpemba walichapisha matokeo hayo katika jarida la Physics Education.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wakipima muda wa maji kushuka hadi nyuzi sifuri, hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba ya moto hutangulia, wakaonyesha kuwa hata kimo cha kipimajoto ndani ya maji kinaweza kupotosha matokeo. Kwa mwalimu, mjadala ulio wazi ni mtaji: makopo mawili, kipimajoto na friza vinatosha kuwafanya wanafunzi waorodheshe kila kinachoweza kubadilika, wabadilishe kimoja kimoja na kuchora grafu.

Kinachobaki ni usahihishaji. Mwongozo wa alama wa jaribio la pendulamu unaotambua 9.8 pekee unafundisha upishi wa data. Mwanafunzi aliyepata 9.2, akaiandika kama ilivyo na kueleza kwamba huenda alichelewa kubonyeza saa au hakuupima uzi hadi katikati ya tufe lililoning'inia, anastahili alama nyingi kuliko aliyefika 9.8 bila maelezo.