Mpira nao ni mlango wa chuo

Ikifika saa kumi na moja jioni, hapa kwetu Buzuruga vijana wa kiume hujaa kwenye kila kipande cha ardhi kilichobaki wazi, wakicheza mpira. Wasichana wa rika lao wako wapi saa hiyo? Wengi wako jikoni au kwenye genge la nyanya na dagaa, na baadhi yao wana mtoto mgongoni. Leo nataka kuzungumzia mahali ambapo wasichana wa namna hiyo wamepata uwanja, yaani vyuo vya maendeleo ya wananchi.

Vyuo hivi vilianza mwaka 1975. Mwalimu Nyerere alivutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden, ambako mtu mzima huingia kujifunza bila kudaiwa cheti cha mtihani. Leo nchini viko zaidi ya 50, na kimoja kipo Sengerema, ng'ambo ya daraja la Kigongo–Busisi. Tumezoea kuvijua kwa ushonaji, useremala, uashi na kilimo. Miaka ya karibuni vimeanza kujulikana pia kwa mpira wa wanawake. Shirika la Karibu Tanzania, linaloshirikiana navyo, lilianzisha mpango uitwao Mpira Fursa, wa kujenga timu za wasichana vyuoni na kwenye shule za jirani. Shirika hilo linao pia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaowapokea wasichana walioacha shule, wakiwamo waliopata mimba.

Najua wako watakaoguna. "Binti ana mtoto wa kulea, mpira wa nini? Akajifunze cherehani!" Nawaheshimu wazazi wanaosema hivyo, maana ndio wanaonunua maziwa ya mtoto. Lakini tukumbuke kwamba hadi Novemba 2021, binti aliyepata mimba hakuwa na njia ya kurudi katika shule ya serikali. Aliyekwisha kuambiwa hafai haji chuoni kwa kusoma tangazo ukutani. Huja akiitwa na wenzake, na hakuna wito mwepesi kama mpira. Uwanjani haulizwi alifeli nini, anaulizwa anacheza namba ngapi. Akizoea kuwahi mazoezi ya jioni, hashindwi kuwahi somo la asubuhi, na cherehani ataikuta huko huko.

Michezo na masomo si maadui. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, kando ya ziwa letu hili hili, mbio zake zilimfikisha Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso. Mwaka 1980 alirudi kutoka Moscow na medali ya fedha ya mita 5,000. Sisemi kila binti atakuwa Nyambui, wala si lazima awe. Nasema miguu inaweza kumfikisha mtu darasani.

Hofu yangu ni moja. Timu inayoishi kwa fedha za mfadhili hufa siku mfadhili anapofunga mkoba. Hapana budi sisi wenyewe tuishike. Mkoani kwetu, huko Malya wilayani Kwimba, kipo Chuo cha Maendeleo ya Michezo. Halmashauri ziwapeleke wanawake wakasomee ukocha huko, na wakirudi wapewe saa zao katika ratiba ya chuo, si kufundisha kwa kuomba nafasi. Viwanja vya vyuo navyo vipimwe na vipate hati mapema, kabla havijaota vibanda.

Nawe mzazi una sehemu yako, tena haina gharama. Jioni mbili kwa wiki, mpokee mjukuu wako mgongoni, mama yake aende mazoezini.

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane tena wiki ijayo.