Bunduki ya Kuanzia

Baada ya miaka kumi na miwili narudi kulenga shabaha kwa bunduki ya bolti, ile ya kukoki kwa mkono kila risasi, na kila mtu anataka kunichagulia. Rafiki zangu wawindaji wanasema: chukua .375 ya Holland & Holland, tangu 1912 imeangusha nyati na tembo. Ni kweli. Lakini risasi yake ina gramu 19 hivi, na kishindo chake begani si cha mtu aliyekaa muda mrefu bila kupiga. Bega likishaogopa, jicho hufumba kabla kidole hakijavuta, na nyati hujeruhiwa tumboni. Akiingia kichakani, anayetangulia kumfuata ni msoma nyayo, baba wa watu, mara nyingi mikono mitupu.

Mimi nimechagua .22, risasi ya gramu mbili na nusu. Wamecheka, wacheke. Unainua mkono wa bolti, unavuta nyuma, ganda linaruka, unasukuma mbele, unafunga. Mwendo ni uleule wa Mauser ya 1898, na wa hiyo .375 yao. Siku nitakapoingiza tano mfululizo kwenye duara la kikombe cha kahawa, hatua hamsini, ndipo tutazungumza habari za nyati.